Mlolongo, Kimya na Imani ya Umma: Kenya, 1982–1991

Aghalabu wahakiki wa fasihi ya Kenya huutaja mwongo wa 1980 kuwa mwongo wa kimya. Mnamo Juni 1982 Katiba ilitiwa kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee halali. Mwaka uo huo Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), alitiwa kizuizini. Mwaka wa 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, wakimfuata yeye. Kutokana na hali hiyo imedaiwa kwamba raia walikuwa wameikatia tamaa demokrasia yenyewe. Dai hilo linachanganya woga na kutojali.

Ushahidi bora umo katika historia ya neno mlolongo. Agosti 1986 KANU iliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wapiga kura wapange foleni hadharani, nyuma ya mgombea wanayemtaka au wakala wake. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, asikabili tena kura ya siri. Viongozi wa makanisa walipinga mara moja. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: anayesimama foleni huonekana na chifu, na mwajiri, na jirani. Utaratibu huo ulipotumika mwaka wa 1988, malalamiko yalizagaa kwamba foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Hapo neno ambalo awali lilimaanisha msururu tu, wa watu au wa vitu, likavaa maana ya ulaghai. Maana hiyo haikutungwa na mshairi wala mwanasiasa mmoja. Ni kazi ya wasemaji wenyewe. Mtu asiyethamini kura hana haja ya kulidhihaki jina la kura iliyoibwa.

Mwaka wa 1990 KANU iliunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ili ikusanye maoni ya umma. Yamkini ilikusudiwa kupoza hasira. Badala yake raia walijitokeza wakashutumu waziwazi mlolongo, kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na hata chama kimoja. Desemba mwaka huo mkutano wa chama uliuacha mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa. Ufasaha wa namna hiyo hauzuki kwa siku moja. Ulikuwa umekomazwa majumbani na sokoni katika miaka iyo hiyo inayoitwa ya kimya.

Kwa mtazamo huu, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi inastahili kusomwa upya. Mkangi aliwekwa kizuizini mwaka wa 1986. Riwaya yake inampeleka Dzombo, aliyehukumiwa kufa, kwenye nchi ambayo jina lake husomeka pia kama “wale ni sisi”. Wahakiki wameiita njozi. Lakini maswali ambayo Dzombo anayakuta huko, juu ya nani atawale na kwa idhini ya nani, ndiyo yaliyoulizwa mbele ya kamati ya Saitoti.