Mapacha, Upara na Ushahidi wa Kisogo

Mwaka 2013 James Gatherwright, Bahman Guyuron na wenzao walichapisha utafiti wa mapacha wa kufanana 92, wote wanaume, nchini Marekani. Tangu hapo umekuwa ukitajwa kama ithibati kwamba upara huletwa na mwenendo: acha sigara, punguza msongo, nywele zitabaki. Makala hii inaupinga usomaji huo.

Kwamba upara wa kawaida wa wanaume hurithiwa, hapana ubishi. Dale Nyholt na wenzake, wakichunguza mapacha wa Australia mwaka 2003, walikadiria kuwa urithi unaeleza takriban asilimia 80 ya tofauti baina ya watu.

Ubishi uko kwenye kilichobaki. Katika utafiti wa 2013, wasioonja pombe na waliozidisha vinywaji vinne kwa wiki walipungukiwa zaidi na nywele za utosini, wote wawili. Waliotumia fedha nyingi kwa dawa za nywele walikuwa na panja kubwa zaidi. Je, dawa ndiyo iliyowanyonyoa? Anayenyonyoka ndiye anayekimbilia dukani; na hata msongo huenda ukawa tokeo la upara. Mambo mengi yakipimwa katika sehemu kadhaa za kichwa, mengine yatahusiana kwa bahati tu. Sigara, iliyojitokeza mbele na utosini pia, ndiyo pekee ninayoikubali bila shida.

Ushahidi mzito zaidi umo katika kichwa cha mtu mmoja. Utosi na kisogo vina jeni zilezile, hulishwa na damu ileile na huvumilia moshi uleule. Hata hivyo utosi hubaki wazi, kisogo kikabaki na nywele. Mwaka 1959 Norman Orentreich wa New York alieleza alichokiona alipohamisha vipande vya ngozi ya kichwa: nywele za kisogoni ziliendelea kuota zilipopandikizwa penye upara, ilhali zilizotolewa penye upara ziliendelea kupotea hata zilipowekwa penye nywele. Mwelekeo umo ndani ya mzizi wenyewe. Upasuaji wote wa kupandikiza nywele umejengwa juu ya msingi huo.

Sungjoo Hwang alipinga mwaka 2002: nywele za kichwani alizozipandikiza mguuni ziliota polepole zaidi. Lakini kasi ya kuota ni suala jingine. Hakuonyesha kwamba mahali papya huugeuza mzizi sugu kuwa wa upara.

Basi daktari anayempokea pacha mwenye upara mdogo asiufanye mwenendo wake kuwa kinga. Amtazame ndugu aliyenyonyoka zaidi, kisha apange mstari wa nywele wa juu na kuweka akiba ya kisogo. Na ikiwa pacha mmoja atamchangia mwenzake, jambo ambalo kinga ya mwili kwa kawaida haitalikataa, mizizi itolewe kisogoni: nywele za mbele za mchangiaji, hata zikiwa nene leo, zina urithi uleule. Tofauti kati ya mapacha, kwa maoni yangu, hupima zaidi muda wa upara kufika kuliko uwezekano wa kuuepuka.