Herufi Nene za Pikseli

Herufi nene za pikseli ni herufi zilizojengwa kwa miraba midogo iliyopangwa safu kwa safu, bila mkunjo laini hata mmoja. Chimbuko lake ni uhaba: katika miaka ya 1970 kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali, na skrini zilikuwa na nukta chache.

Mfano wa awali ulioenea sana ulionekana mwaka 1976 katika Quiz Show, mchezo wa mashine za sarafu wa Kee Games, kampuni tanzu ya Atari nchini Marekani. Kila herufi ilikaa ndani ya mraba wa pikseli 8 kwa 8. Pikseli moja ilihitaji biti moja tu, ya kuwaka au kuzimika, kwa hiyo herufi nzima ilichukua baiti 8. Mistari ya wima ilipewa unene wa pikseli mbili, kwa sababu kwenye skrini za chogo mstari wa wima wa pikseli moja ulififia. Namco ya Japani ilitumia herufi za muundo huo, na Pac-Man ya mwaka 1980 ikazifikisha pande nyingi za dunia.

Mwaka 1984 kompyuta ya Macintosh ilitoka ikiwa na skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tu. Susan Kare aliichorea fonti ya Chicago, iliyobeba menyu na vichwa vya madirisha. Unene wake ulikuwa na kazi maalumu. Amri isiyoweza kutumika kwa wakati huo ilififishwa kwa kuzima pikseli moja na kuiacha inayofuata. Herufi nyembamba ingevunjika, lakini Chicago iliendelea kusomeka. Ilidumu kwenye menyu hadi Mac OS 8 ya mwaka 1997, kisha ikarudi mwaka 2001 kwenye skrini ndogo ya iPod.

Huko Berkeley, California, Zuzana Licko alitumia Macintosh mwaka 1985 kubuni Emperor, Oakland na Emigre. Fonti hizo zilichapishwa katika jarida la Emigre, na herufi iliyobuniwa kwa ajili ya skrini ikapata heshima kwenye karatasi.

Uhaba ulipokwisha, herufi hizi zilibaki kwa uzuri wake na kwa kumbukumbu zinazoamsha. Press Start 2P, inayofuata herufi za michezo ya Namco ya miaka ya 1980, hutolewa bure kwenye intaneti. Leo fonti za aina hii hutumika kwenye majina ya michezo, mabango, fulana na majalada ya muziki. Fonti ya gridi ya 8 hupendeza katika ukubwa wa pikseli 8, 16, 24 na kuendelea. Nje ya vipimo hivyo, kingo za miraba huvurugika. Kwa kuwa kila herufi ni nzito na yenye pembe, maneno machache hung'aa, lakini aya ndefu huchosha macho.