Kitalu: neno la kugawia hifadhi ya simu

Nafasi ya hifadhi ndani ya simu hukatwa vipande kiwandani, kabla mnunuzi hajaiwasha. Kimoja hubeba programu ya kuwashia, kingine mfumo endeshi, vingine vidogo taarifa za modemu, na kile kikubwa kuliko vyote hubeba picha, nyimbo na ujumbe wa mwenyewe. Simu ya Android huweza kuwa na makumi ya vipande hivyo, ingawa mwenye simu huona kimoja tu. Katika eneo la Miti, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu, sekondari hufundisha kwa Kifaransa, na neno linalomfikia fundi wa simu ni partisyo. Mimi napendekeza kitalu.

Sehemu ni neno legevu mno: hata kioo na betri ni sehemu za simu. Maneno kigawe na kigawo tayari yana kazi darasani. Mtoto wa Tanzania hukutana nayo kwenye Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika. Kitalu kimezoea kubeba maana ya eneo lililopimwa na kupewa kazi: kitalu cha miche, vitalu vya uwindaji, vitalu vya gesi baharini. Ndivyo kilivyo kipande cha hifadhi. Kina mwanzo, mwisho, jina na kazi, na mipaka yake imeandikwa kwenye jedwali la vitalu, ambalo simu hulisoma kila inapowaka. Kitenzi nacho kinakuja chenyewe: kukata vitalu upya.

Kwa nini mtu akate upya? Mwanafunzi wa informatiki asiye na kompyuta anaweza kutaka Linux ikae pamoja na Android katika simu yake. Mradi wa postmarketOS, ulioanza 2017, huzipa simu kuukuu Linux kamili, na OnePlus 6 ya 2018 ni mojawapo ya simu zilizoipokea vizuri. Kwanza hufunguliwa kufuli ya programu ya kuwashia, tendo ambalo kwa kawaida hufuta data zote. Kisha hupunguzwa kitalu cha mtumiaji, userdata. Kwa kuwa yaliyomo yamesimbwa, kukipunguza huwa ni kukifuta na kukiunda tena kikiwa kidogo. Nafasi iliyoachwa huwa kitalu cha mfumo wa pili. Simu ya GB 64 ikimegewa Linux GB 16, mwenyewe hatabaki na GB 48 kamili, maana vitalu vya kiwandani navyo vinakula.

Hapa ndipo jina sahihi linapookoa simu. Kwenye simu nyingi zenye chipu za Qualcomm, vitalu viwili vidogo sana, modemst1 na modemst2, hutunza taarifa za modemu, ikiwemo IMEI. Vikiharibika bila nakala, simu huwaka vizuri lakini haipati mtandao, na Airtel Money au M-Pesa havifikiki tena. Nakala ya vitalu hivyo itolewe na kuwekwa nje ya simu kabla jedwali halijaguswa.

Android 10, ya 2019, ilileta njia pole zaidi: kitalu kikubwa kiitwacho super, ambacho vitalu vya ndani yake hubadilishwa ukubwa bila kugusa jedwali kuu, pamoja na uwezo wa kuwasha mfumo wa majaribio kisha kurudi kwenye ule wa kwanza. Mfumo huo wa majaribio, hata hivyo, ni Android nyingine tu. Anayetaka Linux kamili kando ya Android kwa kawaida bado atakata vitalu, na aanze na simu ya pili, isiyobeba laini ya kazi.