Kushindilia Data: Historia ya Dhana na Utata wa Istilahi

Mara nyingi jina la kitu hutafutwa kabla ya kuulizwa kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Dhana tunayoijadili imepata kuitwa kubana data na kugandamiza data, na majina yote mawili yanadokeza kwamba kinachobanwa huumia. Sivyo. Mwaka 1952 David Huffman alichapisha njia ya kuzipa alama zitumikazo mara nyingi msimbo mfupi, na zile adimu msimbo mrefu. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel walitoa njia nyingine: mfuatano uliokwisha kuonekana hauandikwi tena, bali huonyeshwa tu mahali ulipotangulia. Katika njia zote mbili hakuna hata herufi moja ipoteayo. Ndiyo maana sisi twapendelea kushindilia, kama pamba ishindiliwavyo robotani: kamba zikikatwa, pamba hutoka na uzani wake ule ule. (Kugandamiza, tena, kuna jirani yake kukandamiza, neno ambalo siasa imekwisha kulichukua.)

Utata mkubwa zaidi umezuka katika nakala rudufu za mashine pepe, yaani kompyuta ziishizo ndani ya kompyuta nyingine. Wazo hilo si geni. IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Leo nakala hizo hutolewa na kazi iliyopangwa, ijirudiayo pengine kila usiku, na mojawapo ya masharti yake ni kiwango cha mshindilio. Ukisema "kubadili mshindilio wa nakala", umepotosha. Katika programu ya Veeam, kwa mfano, kibadilikacho ni sharti la kazi: nakala zilizokwisha kuandikwa hubaki kama zilivyo, na kiwango kipya huanzia katika vipande vitakavyoandikwa kazi ikiendeshwa tena. Palipo na utaratibu wa kuingiza mabadiliko ndani ya nakala kamili iliyopo, faili moja huja kuwa na vipande vya viwango viwili, mpaka itengenezwe nakala kamili mpya. Msimamizi aliyeiamini kauli ile hungoja nafasi ya diski iongezeke, nayo haiongezeki. Pengine hufuta nakala ambazo angezihitaji kesho.

Kwa hiyo twapendekeza "kubadili kiwango cha mshindilio cha kazi ya kunakili". Ni ndefu, twakubali. Ufupisho na utafutwe baadaye, ila neno kazi lisiondolewe.