Harara ya Nyoka katika Nchi ya Majabali

Wasafiri watokao Mwanza kwenda Sengerema na Geita wamepajua Kigongo kwa miaka mingi kuwa ni mahali pa kungojea kivuko cha kuwavusha hadi Busisi, na tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la John Pombe Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3, walio wengi hupita juu ya maji bila ya kushuka garini. Illa yule aliyewahi kukaa pale hata jua likachwa, akatazama wajihi wa nchi ile ya Misungwi, atakuwa ameona majabali ya itale yaliyopandana hapa na pale kandoni mwa ghuba, na lau aliweka kiganja juu ya jabali saa moja ya usiku, ameona pia kwamba jiwe lingali na moto wa mchana, ilhali upepo utokao ziwani umekwisha kupoa.

Katika nyufa za majabali kama hayo ndimo wanamolala nyoka wengi wa nchi ile. Ziwa Viktoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo, ijapokuwa jua ni la ikweta, usiku wa Juni na Julai hupoa kwa kadiri ya kumtaka mtu ajifunike blanketi. Nyoka hana blanketi wala hana moto wa kujitengenezea mwilini kama alio nao ng'ombe au binadamu. Harara yake karibu yote huiazima nje, katika jua, katika udongo na katika jiwe, na asipoipata, si mwendo wake tu unaozorota, bali hata chakula kilichomo tumboni hakisagiki. Chatu aliyemmeza mbuzi kisha akapatwa na baridi ya siku nyingi humtapika, maana nyama huanza kuoza ndani kabla ya kuyeyushwa. Kwa hiyo kila mtu aliyepata kumweka nyoka, popote duniani, amekabiliwa na suala moja kabla ya masuala mengine yote: atampatia wapi harara?

Wasukuma walikuwa na watu wa kazi hii zamani kabla ya kioo na umeme kufika pwani ya ziwa. Hao ni Bayeye, watu wa chama kiitwacho Buyeye, ambao kazi yao ilikuwa kukamata nyoka, kuwafuga, kucheza nao ngoma mbele ya hadhara, na kuwatibu walioumwa. Na kila aliyeingia chamani sharti achanjwe dawa iitwayo lukago, ya kumkinga na sumu, na afundishwe mambo ambayo asiye mwanachama hakuruhusiwa kuyajua. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika katika uchunguzi wa mila, aliandika juu ya chama hicho mwaka 1946, na mwaka 1953 akatoa London kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wachezaji nyoka, iliyopigwa ndani ya nyumba za mafunzo ili wanafunzi wayakumbuke waliyofundishwa.

Nimeyatazama maandishi ya namna hii kwa shukrani, lakini pia kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa wageni wengi waliowaandika Bayeye walivutwa zaidi na siri, viapo na uganga, na ufugaji wenyewe, ambao ndio ilimu ya kila siku, wakaupita haraka. Mtu awezaye kukaa na swila au moma bila ya kuumwa ni mtu aliyekwisha kuisoma harara ya mnyama yule. Hana budi kujua kwamba alfajiri yenye umande nyoka ni mzito, na kwamba nyoka yule yule akiisha kuota jua saa tatu ya asubuhi amekuwa kiumbe kingine. Hana budi kujua, vile vile, kwamba nyoka aliyefungiwa sandukuni juani hufa upesi kuliko aliyefungiwa kivulini, kwa maana baridi humlegeza tu, lakini joto lililopita kiasi humwua kwa muda mfupi sana. Katika nchi ya Kigongo na Mwanza mfugaji hakuwa na haja ya kuwasha moto. Kazi yake ilikuwa kuchagua mahali na saa, na mengine akaliachia jua na jiwe.

Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe, walifika Bukumbi, jirani na Kigongo, mwaka 1883. Miaka sabini hivi baadaye padri wa shirika hilo hilo, David Clement kutoka Quebec, alijenga pale Bujora, karibu na Kisesa, kituo ambamo ngoma za Wasukuma zilipewa taadhima badala ya kulaaniwa, na ndipo palipoinuka jumba la makumbusho la Wasukuma. Katika sikukuu ya Bulabo, ambayo huadhimishwa hapo mwezi wa Juni wakati wa sherehe ya Ekaristi, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana kwa ngoma, na chatu hutolewa sandukuni mbele ya umati. Atazamaye kwa karibu ataona jambo dogo: mwanzoni mnyama yule hulegea kama kamba nene, na baada ya kuzungushwa shingoni na kifuani mwa mchezaji anayetoka jasho, taratibu huanza kujikaza, kuinua kichwa na kutoa ulimi. Watu hushangilia, wakidhani ngoma imemwamsha. Kwa yakini, mwili wa mtu ule wenye nyuzi 37 una sehemu kubwa katika kuamka kule.

Huko Ulaya mambo yalikwenda njia nyingine, kwa kuwa nchi yenyewe ilimnyima nyoka riziki hiyo. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya reptilia mwaka 1849, nayo ndiyo ya kwanza duniani. Watu wakamiminika kuwatazama nyoka nyuma ya vioo. Ilipita karibu miaka themanini hata bibi mmoja, Joan Beauchamp Procter, akasanifu nyumba mpya iliyofunguliwa mwaka 1927, ndani yake umeme ukipasha joto kwa viwango mbalimbali, na vioo vya namna ya pekee vikiruhusu miali ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Ndani ya uzio mmoja mnyama akaweza kuchagua pa kuotea na pa kupoea. Kaida hiyo ndiyo inayofuatwa hata leo na wafugaji wa Ulaya na Marekani: tangi la kioo hupashwa upande mmoja tu, kwa taa juu au mkeka wa umeme chini, upande huo ukiwa na nyuzi 32 hivi kwa chatu, na wa pili ukaachwa na nyuzi 26, kisha kifaa cha kudhibiti umeme hufungwa, kwa sababu nyoka aweza kulilalia joto kali mpaka ngozi ya tumbo ikaungua naye asiondoke. Tangi la namna hiyo ni Mwanza ndogo iliyonunuliwa kwa ankara ya umeme, yenye jabali lake la moto na ufa wake wa baridi.

Baadhi ya wakazi wa matangi hayo asili yao ni huku kwetu, kama vile yule nyoka mfupi wa mchangani wa Kenya na Tanzania ambaye sasa huzalishwa ughaibuni kwa wingi. Tanzania ilizuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 humtaka kila afugaye mnyama wa porini awe na kibali, hata akiwa mchezaji ngoma.

Lakini mwalimu mkubwa kuliko wote katika jambo hili ni chatu jike mwenyewe. Mwaka 1841, huko Paris, mtaalamu Valenciennes alimpima chatu wa Kihindi aliyeatamia mayai akaona mwili wake una joto kupita hewa iliyomzunguka, kwani hutetemeka ili kupata harara. Chatu wa kusini mwa Afrika hutumia hila nyingine, kama alivyoeleza Graham Alexander mwaka 2018 baada ya kuwafuatilia miaka mingi kule Afrika ya Kusini: jike hugeuka rangi akawa mweusi, hutoka mlangoni mwa shimo kuota jua mpaka mwili ukakaribia nyuzi 40, kisha hurudi ndani kuyazungushia mayai ule moto aliouchuma; na watoto wakisha kuanguliwa, huendelea kuwapasha usiku kwa muda wa majuma mawili hivi. Siku zote hizo hali chakula.

Kisiwa cha Saanane, hapo hapo Mwanza, kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama ya serikali mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, nacho pia ni kisiwa cha majabali. Iwapo itatakiwa nyumba ya nyoka pale au Bujora, rai yangu ni kwamba mafundi wasianze na waya wa umeme. Waanze kwa kuwaita Bayeye wazee waliosalia wawaonyeshe ni jabali lipi linalotunza moto mpaka usiku wa manane, mlango wa nyumba uelekee wapi, na kivuli kikae upande gani saa nane ya mchana, na majibu yao yaandikwe kwa majina yao wenyewe.