Bendera Nusu Mlingoti

Jumatatu asubuhi, mwanafunzi wa hapa Kiambere aivutapo kamba ya bendera, wenzake husimama wima, kimya, hata ifike kileleni. Lakini ziko siku ambazo bendera hufika kileleni, kisha hushushwa mpaka katikati na kuachwa hapo. Hapo hata mtoto mdogo hutambua kwamba taifa limefiwa. Je, desturi hii ilitoka wapi, na ni nani mwenye kuiamuru?

Asili yake ni baharini. Neno lenyewe, mlingoti, ni la vyombo: ndiyo nguzo ichukuayo tanga. Inasimuliwa kwamba mwaka 1612 nahodha Mwingereza, James Hall, aliuawa huko Greenland, na merikebu yake, Heart's Ease, ikarejea London bendera ikiwa imeshushwa. Wengine husema kwamba nafasi iachwayo juu ni ya bendera ya mauti, isiyoonekana kwa macho. Watu wa pwani yetu nao, wamalizapo siku za msiba, husema wameanua matanga, kana kwamba wanakunja matanga ya jahazi.

Katika Kenya amri hutolewa na Rais kwa tangazo. Rais wa tatu, Mwai Kibaki, alipofariki Aprili 2022, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru bendera zipepee nusu mlingoti katika Ikulu, balozi zetu, majengo ya serikali, kambi za jeshi na manowari, hadi jua litue siku ya maziko. Septemba ya mwaka uo huo zilishushwa tena kwa siku nne, kwa ajili ya Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza.

Pengine utauliza: Mbona tusishushe bendera ya shule afapo mzee wetu mpendwa kijijini? Jibu ni kwamba bendera si mali ya kijiji kimoja. Lau kila mtu angeishusha kwa msiba wake, isingepita siku bila kushushwa, na mpita njia asingejua tena nani amefiwa. Amri ikitoka mahali pamoja, Mombasa na Kisumu, Embu na Garissa huomboleza saa moja.

Wala heshima hii si ya wakubwa peke yao. Mwezi Aprili 2015 bendera zilishushwa kwa siku tatu, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Septemba 2024, moto ulipoteketeza bweni huko Endarasha, Nyeri, wakafa wavulana 21, Rais William Ruto aliamuru vivyo hivyo. Wavulana hao hawakuwa na cheo wala gwaride. Walikuwa wanafunzi kama ninyi. Hata hivyo taifa liliwainamishia bendera ile ile lililomwinamishia Rais.

Basi, siku itakapokuwa zamu yako, kumbuka utaratibu: ipandishe kwanza hadi kileleni, ndipo uishushe katikati. Jioni irudishe tena kileleni kabla ya kuiteremsha. Heshima hutangulia huzuni, na heshima ndiyo imalizayo. Wahenga walisema, kifo cha wengi harusi: msiba ukibebwa na wengi, mzigo wake hupungua.