Somo la Historia: Shafti Izungushayo Magurudumu

Leo tutasoma habari za chuma kimoja ambacho hukioni mpaka uiname chini ya gari. Jina lake ni shafti. Kazi yake ni kupokea nguvu ya injini na kuifikisha kwenye magurudumu. Gari likiwa na injini nzuri lakini shafti imekatika, halisogei.

Chuma si kitu kigeni kwetu. Huko Katuruka, Bukoba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Nanyi mwajua kwamba mpini huchaguliwa ulingane na jembe lenyewe, si kwa uzuri wa mti. Shikeni neno hilo, maana litatufaa.

Magari mengi ya kwanza yalizungushwa kwa mnyororo, kama baiskeli. Mnyororo huo ulishika vumbi na kulika upesi. Mwaka 1898, Mfaransa Louis Renault alitengeneza gari lililotumia shafti badala ya mnyororo. Lakini palikuwa na taabu moja: injini imetulia mahali pake, na gurudumu hupanda na kushuka njiani. Chuma kilichonyooka tu kingevunjika.

Dawa yake ni kiungo kinachokunja kama kiwiko cha mkono. Panda mbili za chuma huunganishwa na kipande chenye umbo la msalaba. Mafundi hukiita krosi. Mtaalamu Mwingereza Robert Hooke alikichunguza katika karne ya 17, na mwaka 1903 Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza ya kukitumia katika magari.

Hata hivyo, krosi moja ikikunjwa haizunguki sawasawa. Katika kila mzunguko huongeza mwendo mara mbili na kupunguza mara mbili. Kwa sababu hiyo shafti hutiwa krosi mbili, moja kila mwisho, ili ya pili isahihishe kosa la ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya 1920, Alfred Rzeppa alibuni kiungo chenye gololi ambacho huzunguka sawasawa hata kikikunjwa. Gari dogo la Mini la mwaka 1959 lilitumia viungo vya namna hiyo.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa Safari Rally. Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo la viti viwili. Mwaka 1973 gari la namna hiyo lilishinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, jirani zetu. Yeye na Harry Källström walilingana kwa pointi, na Mehta akapewa ushindi. Katika ushindani wa karibu namna hiyo, shafti moja ikikatika matopeni, safari imekwisha.

Katika Datsun hiyo, kila gurudumu la nyuma lina shafti yake, yenye krosi mbili na sehemu inayoteleza ili shafti irefuke na kufupika. Je, mwenye gari kama hilo leo achague vipi shafti nyingine?

Kwanza, apime. Alaze ya zamani na mpya pamoja, alinganishe urefu, ukubwa wa krosi na nafasi za matundu ya boliti. Wengine huweka shafti za viungo vya gololi badala ya krosi. Hao wapime urefu gurudumu likiwa juu kabisa na likiwa chini kabisa. Shafti ndefu mno itagonga difu na kuiharibu. Fupi mno itachomoka gari likiwa mbioni, na hapo roho za watu zimo hatarini.

Pili, aifunge kwa utaratibu. Azuie magurudumu ya mbele kwa mawe, ainue gari, kisha aliweke juu ya vigingi imara. Asiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Atie alama ya rangi kabla ya kufungua, asafishe nyuso zinazokutana, atie grisi panapohitajika, na ahakikishe panda za miisho miwili zimekaa katika mstari mmoja. Zikipishana, krosi ya pili haitasahihisha ya kwanza, nalo gari litatetemeka. Mwisho akaze nati zote kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Basi, ndugu zangu, mwajua sasa kwa nini fundi mwema hupima kabla ya kununua. Ukipeleka gari lako gereji, mwombe akuonyeshe shafti mbili zikiwa zimelazwa pamoja. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya darasani
1. Kwa nini shafti iliyonyooka bila kiungo haifai?
2. Kwa nini shafti hutiwa krosi mbili?
3. Shafti ndefu mno huleta hasara gani? Na fupi mno je?
4. Andika sentensi tatu ukieleza namna ya kuinua gari kwa usalama.